Chevelle SS 454 au Buick GS 455 Stage 1, zote za 1970: nina dola 70,000, ninunue ipi?

Dereva wa Toledo

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Voi, naishi Toledo, Ohio. Nimeendesha lori la masafa marefu miaka 19, na mwaka huu kitinda mimba wangu amemaliza chuo. Nimebaki na dola 70,000 ambazo si za ada, si za shamba, si za mchango wa mtu. Ni zangu. Nataka gari moja tu la zamani la Kimarekani, haya wenyewe wanayoyaita magari ya misuli, na nimechuja mpaka yamebaki mawili.

La kwanza ni Chevelle SS 454 ya 1970 ya kampuni ya Chevrolet, nyekundu yenye mistari myeusi, gia nne za mkono. Muuzaji yuko Indiana. Anasema injini ni LS6, ile ya nguvu farasi 450. Anataka dola 68,000. Karatasi hana, anasema zilipotea walipohama nyumba. Rangi inang'aa mpaka unajiona uso wako mlangoni.

La pili ni Buick GS 455 Stage 1 ya 1970, kijani, otomatiki, paa limefunikwa vinaili nyeusi. Mwenyewe ni mzee wa miaka 78 huku huku Ohio, alilinunua 1983 kwa mtu aliyelitoa dukani likiwa jipya. Anataka dola 59,000. Rangi imefifia kwenye boneti, kiti cha dereva kimeachia mshono, lakini ana bahasha imejaa makaratasi tangu siku ya kwanza.

Naomba kujua ipi ina kasi kweli, si kwa maneno ya vijiweni. Pia ipi itashika bei nikija kuiuza nikiwa na miaka 65. Halafu nina ndoto ya kulipeleka Mombasa nikistaafu, sijui kama inawezekana. Mke wangu anasema nichukue Chevelle kwa sababu hata yeye jina hilo analijua. Jumamosi nimepanga kwenda Indiana na pesa mkononi. Nisaidieni kabla ya hapo.

Mtoto wa Kawe

Chevelle, kaka, usipepese macho. Mimi ninayo SS 396 ya 1970 hapa Atlanta, mwaka wa sita sasa. (Usishangae, ubavuni imeandikwa 396 lakini injini za mwaka huo ni inchi za ujazo 402.) Kila nikisimama kujaza mafuta, kuna mzee atakuja kunisimulia aliyokuwa nayo kijana. Spea ninaagiza leo, keshokutwa ziko mlangoni: bampa, mazulia, vioo vya taa, mpaka mabati ya sakafu. Buick ukivunja kipande cha dashibodi utakitafuta miezi.

Na yangu ni nguvu farasi 350 tu. Wewe unapewa 450! Buick kiwanda chenyewe kiliandika 360. Tofauti ya farasi 90 si ya kubishania. Halafu siku ya kuuza, wanunuzi kumi watapiga simu kwa Chevelle, wawili kwa Buick.

Fundi Mtanga

Kaka wa Toledo, pesa iache benki. Jumamosi nenda Indiana na tochi, kioo kidogo cha mkono, kopo la dawa ya kusafishia breki na kitambaa. Nitakueleza ni vya nini, ila nianze na swali lako la kasi, maana hapo juu kuna hesabu iliyoachwa nusu.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Nilifika Michigan 1988, na miaka 26 nilifanya kazi kwenye karakana ya kuchonga injini karibu na Flint: kutanua silinda, kunyoosha krenki, kusaga vali. Flint ndiko Buick ilikokulia na Chevrolet nayo ilikuwa na viwanda vyake pale pale. Bloku za injini hizi mbili zimepita mikononi mwangu hesabu sikumbuki. Nikifumba macho nitakuambia ipi ni ipi kwa kupapasa tu, maana Buick distribyuta yake iko mbele na Chevrolet iko nyuma, karibu na ukuta wa dereva.

Kwanza ujue hawa ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba ni General Motors. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 112 kwa yote mawili, na ukivua mabati ya nje utaona undugu wao waziwazi, pamoja na ndugu wengine wawili, Pontiac GTO na Oldsmobile 442. Hadi 1969 baba aliwakataza kutia injini inayozidi inchi za ujazo 400 kwenye magari ya ukubwa huu. Kwa modeli za 1970 akaondoa katazo, na kila mama akamvika mwanawe kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Chevrolet akatoa 454, Buick akatoa 455. Kwa hesabu yetu ya nyumbani ni zaidi ya cc 7,400 kila moja, yaani injini moja inazidi Corolla nne za cc 1,600.

Lakini malezi hayakuwa mamoja. LS6 ilijengwa ikijua itateswa. Krenki ni ya chuma cha kufua, fani zake kuu zimeshikwa bolti nne nne, matundu ya hewa kwenye silinda hedi ni makubwa ya mstatili, mbano ni 11.25 kwa 1, tapeti ni zile ngumu za kurekebishwa kwa mkono. Inafika nguvu zake 450 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika. Buick hawakuifuata njia hiyo. Stage 1 ilikuwa nyongeza ya dola kama 200 tu kwenye GS 455: vali kubwa zaidi, kamshafti nyingine, kabureta iliyopangwa upya na difu ya 3.64. Tapeti ni za oili, zinajirekebisha zenyewe. Wameandika 360 kwenye mizunguko 4,600, na torki, ile nguvu ya kuvuta, 510 kwenye mizunguko 2,800. LS6 torki yake ni 500, lakini inaipata kwenye 3,600.

Hapo ndipo Mtoto wa Kawe alipoishia nusu njia. Hizo 2,800 na 3,600 zina maana kubwa kuliko 360 na 450 kwa mtu anayeendesha barabarani. Mwaka 1970 jarida la Motor Trend lililipima Buick la Stage 1 robo maili gari likatumia sekunde 13.38, likavuka mstari likiwa na maili 105.5 kwa saa. Jarida la Hot Rod nalo lilipima Chevelle ya LS6 ikatumia sekunde 13.44, ikavuka na maili 108.17. Soma tarakimu hizo polepole. Kasi ya mwisho wa mstari inakuambia nguvu, na Chevelle imeshinda, hilo halina ubishi. Muda unakuambia gari lilivyoondoka pale mwanzo, na hapo Buick lenye farasi 90 pungufu kwenye karatasi linakwenda naye bega kwa bega. Mimi naamini hata hiyo 360 iliandikwa kwa unyenyekevu. Kampuni za bima zilikuwa zimeshaanza kuyakamua magari haya, na Buick haikuwa na sababu ya kujitangaza. Injini nilizofungua na kufunga mwenyewe zimenifanya niamini ilivuka 400.

Nimeendesha yote mawili kwa miaka. LS6 ukiwa chini ya mizunguko 3,000 inatembea kama gari lolote kubwa, kisha inakohoa mara moja, inafungua koo, na kutoka 4,000 kwenda juu inavuta mpaka unasahau kupumua. Nilipenda hilo na bado nalipenda. Buick halikusubirishi. Unagusa mafuta kwenye taa za barabarani, boneti inainuka, kichwa kinaegemea kiti, na injini haijapiga kelele yoyote. Kutoka Toledo hadi Sandusky mizunguko 5,600 hutaifikia hata mara moja. Hiyo 2,800 utakuwa ndani yake njia nzima.

Sasa mafuta. Mbano wa 11.25 ulitengenezewa petroli ya 1970 yenye risasi. Tia petroli ya leo ya oktani 93 kwenye LS6 ambayo haijapunguzwa mbano, panda mlima na gia ya nne, utasikia kokoto zikigonga ndani ya bati. Hiyo ni pistoni inapigwa. Utalazimika kuchelewesha cheche, na hapo umeshapoteza sehemu ya zile 450 ulizolipia, au uchanganye petroli ya mashindano kila safari. Buick ina mbano wa 10.5, nayo inataka 93, lakini inasamehe zaidi. Zote mbili zitie oili yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za kisasa zimepunguziwa, na kamshafti za zamani zinaliwa kimya kimya.

Na hizo tapeti ngumu si mapambo. Ni jioni nzima ya kazi. Injini iwe ya moto, uvue mifuniko miwili, uzungushe krenki taratibu, uingize fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kati ya roka na shina la vali, ukaze nati mpaka geji inakwama kidogo kama karatasi kati ya vidole, uende kwenye inayofuata. Ni vali 16, na mikono yako iko sentimita chache kutoka kwenye ekzosi inayounguza. Mimi nilikuwa naifanya kwa furaha. Wewe unarudi nyumbani baada ya siku tano barabarani. Jiulize kama utakuwa na furaha hiyo.

Nisikufiche ubovu wa Buick. Oili ndiyo kidonda chake. Pampu ya oili imejengwa ndani ya mfuniko wa alumini wa mbele wa injini, na alumini ile inalika miaka ikienda, pampu inapoteza presha. Njia za oili nazo ni nyembamba na ndefu. Mtu akilivuta kila mara zaidi ya mizunguko 5,000 kama anavyovuta Chevrolet, fani zinaungua. Kabla ya kutoa senti, funga geji ya presha ya oili ya kawaida, liache gari liungurume dakika 20 mpaka liwe la moto hasa, kisha litazame likiwa limetulia bila kukanyagwa. Sindano ikianguka chini ya psi 10, punguza bei ya injini nzima au ondoka.

Sasa bei, na hapa naomba unisikilize kama mdogo wangu.

Chevelle halisi ya LS6 yenye karatasi, iliyo katika hali hiyo unayoieleza, haiuzwi dola 68,000. Ni laki moja na kupanda. Mwaka ule zilitengenezwa 4,475 tu, na kila mtu anazitafuta. Kwa hiyo anayekuuzia 68,000 ama hajui alichonacho, ama anajua vizuri sana.

Mwaka 2005 nilinunua LS6. Mimi, fundi wa bloku. Nilikuwa nimechoka, nilisafiri usiku kwenda jimbo jingine, gari lilikuwa zuri kupita kiasi na muuzaji alikuwa na watoto wadogo wanachezea uani. Niliangalia herufi kwenye bloku nikaona CRR, alama ya LS6 ya otomatiki, nikatoa pesa yote niliyoweka kwa miaka minane. Nilipofika nyumbani na kulipandisha juu kwa mwanga mzuri, niliona bloku ile ilikuwa ya injini nyingine kabisa, imesagwa na kupigwa herufi upya. Lilikuwa Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, lililovishwa nguo za SS. Nilipoteza zaidi ya nusu ya pesa nilipoliuza kwa kusema ukweli. Binti yangu mkubwa alichelewa chuo mwaka mzima kwa sababu hiyo. Mpaka leo nikikumbuka, moyo unauma.

Ndiyo maana nakuambia ya tochi. Udhaifu wa Chevelle ya 1970 ni kwamba namba ya chasisi haisemi kama gari ni SS. Inaanza 13637, yaani Malibu ya V8 ya milango miwili, na zote ni hivyo hivyo, ya SS na ya mwalimu wa shule. Mwenye GTO anaweza kuwaandikia Pontiac Historic Services akaletewa nakala ya ankara ya kiwandani ya gari lake. Chevrolet iliyouzwa Marekani haina rekodi kama hizo. Gari linabaki na karatasi alizonazo mwenyewe na chuma chenyewe. Buick lako, kwa upande mwingine, namba yake inapaswa kuanza 44637. Hiyo 46 ni GS 455 tangu kiwandani. Neno Stage 1 halimo kwenye namba, lakini gari la msingi huwezi kulizua.

Jumamosi, simama mbele ya Chevelle, upande wa abiria. Nyuma ya alternata, mbele kabisa ya silinda hedi, kuna kijukwaa cha chuma cha bloku, upana wa vidole viwili. Kinyunyizie dawa ya breki, kifute mpaka chuma kionekane, mulika tochi kwa ubavu, si kwa juu. Utafute mambo matatu. Herufi T, maana injini kubwa za Chevrolet zilitoka Tonawanda, New York, kisha tarakimu nne za mwezi na siku, kisha CRV kwa gia za mkono. Pembeni pawe na tarakimu za mwisho za namba ya chasisi. Na uso wenyewe wa chuma, chini ya herufi, uwe na michirizi myembamba iliyonyooka sambamba, kama nywele zilizochanwa. Hiyo ni alama ya mashine ya kiwandani. Ukikuta pamelainika kama kioo, pamesagwa. Kisha piga picha kibati kilicho kwenye ukuta wa injini, chenye tarehe ya bodi. Niletee vyote hapa.

Mama Zuhura, Houston

Fundi kamaliza ya chuma. Mimi nafanya kazi ya bima, niongeze ya makaratasi. Baba Voi, usilikatie gari hili bima kama ya gari lako la kazini. Kwenye bima ya kawaida likigongwa watakulipa thamani ya gari chakavu la miaka 50. Kuna bima ya magari ya kale ambayo mnakubaliana thamani siku ya kwanza, mnaiandika, na likiteketea unalipwa hiyo hiyo. Watakutaka uwe na gari jingine la kila siku, ulilaze hili ndani ya gereji iliyofungwa, na usilifanye la kwendea kazini. Lipigwe picha pande zote na lipimwe thamani na mtu huru kabla hujasaini.

Ya Mombasa naomba uiweke chini kwa upole. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na usukani wa kushoto hausajiliwi ila kwa magari ya shughuli maalumu. Gari hili lina makosa yote mawili. Nimeona ndugu wakilipia meli kwanza na kuuliza baadaye, na kontena likabaki bandarini likila ada ya kila siku. Panga kulifurahia Ohio.

Dereva wa Toledo

Shikamoo Fundi, na asante Mama Zuhura, hiyo ya Mombasa imenitia simanzi lakini bora nimeijua leo.

Nimerudi. Indiana nilikwenda Jumamosi, nikafuta kile kijukwaa kama ulivyosema. Kimeandikwa T0318CRV. Nilimulika kwa ubavu, hakuna mchirizi hata mmoja, panateleza. Herufi C imezama kuliko R. Namba ya chasisi pembeni ipo. Kibati cha ukutani kimeandikwa 01B. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu michirizi, alifunga boneti akasema kuna mtu mwingine anakuja saa nane na hana muda. Sielewi 01B ni nini.

Jumapili nikaenda kwa mzee wa Buick. Namba yake ni 446370H na kuendelea. Kwenye bloku, karibu na plagi, nilipata herufi SS, sikujua kama ni nzuri au mbaya kwa sababu Chevelle pia ni SS. Mzee alinionyesha karatasi ya kiwandani aliyoikuta juu ya tangi la mafuta aliposhusha tangi mwaka 1991. Imeliwa pembeni lakini neno Stage 1 linasomeka. Geji ya oili nilifunga. Likiwa baridi ilikuwa juu sana, baada ya dakika 20 sindano ikatulia kati ya 15 na 20. Nilibeba na sumaku. Milangoni inashika. Chini ya kioo cha nyuma, pale vinaili inapoishia, ilidondoka mara mbili.

Fundi Mtanga

Marahaba. Umefanya kazi ya fundi.

01B ni wiki ya pili ya Januari. Bodi ya Chevelle ile ilijengwa Januari 1970. T0318 ni injini iliyofungwa Tonawanda tarehe 18 Machi. Niambie injini iliyozaliwa Machi iliingiaje kwenye gari lililotoka kiwandani Januari. Aliyepiga zile herufi hakukitazama kibati. Inawezekana ndani mna injini nzuri ya 454, na kama ingeuzwa kwa jina lake la kweli ningekuambia ni gari zuri la kuendesha. Lakini kwa 68,000 na uongo juu yake, mwache huyo wa saa nane.

SS kwenye bloku ya Buick ya 1970 ni alama ya Stage 1. Ya 455 ya kawaida ni SR. H kwenye namba ni Flint. Gari lako limezaliwa maili chache kutoka nilipo sasa hivi nikiandika, na nimefurahi sana kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Oili ya 15 hadi 20 ikiwa moto inaridhisha. Si changa, lakini si mgonjwa. Nitakupimia nafasi ya pampu mwenyewe.

Hiyo sumaku iliyodondoka ndiyo pesa yako ya kuombea punguzo. Vinaili inashika maji chini yake, bati linaoza kimya na mtu anaziba kwa puti. Kila gari la ukoo huu lenye paa la vinaili lina kidonda hapo. Ni kazi ya fundi wa bodi: kuvua vinaili, kukata, kuchomelea bati jipya. Ingia chini pia uitazame fremu nyuma ya magurudumu ya nyuma, chumvi ya barabara za Ohio hukaa pale. Kama fremu ni nzima, mwombe mzee 54,000, na umweleze kwa heshima kwa nini.

Kuhusu kushika bei, Mtoto wa Kawe ana haki kwamba Chevelle ina wanunuzi wengi. Buick la juu kabisa la mwaka huo ni GSX, yalitoka 678 tu, na bei yake inakimbia na LS6. Lako si GSX, ni ndugu yake mwenye injini ile ile ya Stage 1 na karatasi ya tangi, rangi ya kiwandani, watu wawili tu wamelimiliki. Usilipake rangi. Hiyo boneti iliyofifia iache. Kila mwaka yanayobaki hayajaguswa yanapungua, na mnunuzi anayejua atakulipa kwa ajili ya uchakavu ule kuliko rangi mpya ya dola 15,000. Kiti shona mshono tu, usibadilishe kitambaa.

Mtoto wa Kawe

Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Jana usiku nimekwenda kukifuta kijukwaa cha yangu. Michirizi ipo, tarehe inalingana. Nimelala vizuri. Kaka wa Toledo, chukua Buick.

Dereva wa Toledo

Fremu ni nzima. Tumekubaliana 55,500, kwa sababu mzee alinitolea na kabureta ya akiba, Quadrajet ya gari lenyewe, pamoja na daftari aliloandika kila oili aliyomwaga tangu 1983. Mke wangu alikaa kiti cha abiria, tukazunguka kijiji kile mara moja. Kwenye taa nilikanyaga kidogo tu. Alishika mkono wa mlango akasema, "Hili halina kelele, mbona linatupeleka hivi?" Hajataja Chevelle tena.

Karatasi nasaini Alhamisi. Bima ya kukubaliana thamani imeshaandaliwa, asante Mama Zuhura. Fundi, nikuletee lini?

Fundi Mtanga

Subiri chumvi iishe barabarani, mwezi wa nne mwishoni. Shika US-23 kutoka Toledo, pita Ann Arbor, inakuleta hadi Flint bila kukata kona. Kwa difu ya 3.64 ukitembea maili 60 kwa saa mizunguko haifiki 3,000, basi usizidi hapo mpaka tuifungue pampu tuitazame. Njoo na lile daftari la mzee. Na mtu akikukaribia na Chevelle kwenye taa, mwache apite, siku hiyo bado.